Mto Unaingia au Unatoka? Maelezo juu ya Njia ya Ruzizi, kutoka Katogota hadi Ziwa Kivu

Msafiri anayekwenda kulitazama Ziwa Kivu kwa kawaida huanzia Bukavu au Goma. Hupewa chumba kinachoelekea majini, na kuanzia hapo huhesabu ziwa, visiwa, volkano na vijiji vya milimani kuwa vitu alivyoviona. Katika makala haya tunapendelea kuianza safari hiyo chini, katika uwanda wa Ruzizi, kwenye kijiji cha Katogota kilichoko kati ya Luvungi na Kamanyola, katika eneo la Uvira. Sababu ya kwanza ni ya kijiografia: maji yote yanayotoka Kivu hupita upande wa mashariki wa kijiji hiki yakielekea Tanganyika. Sababu ya pili ni ya historia na ya lugha, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Swali la kwanza ambalo wageni kutoka Ulaya waliliuliza juu ya nchi hii, yaani mto huu unatoka wapi na unakwenda wapi, lilijibiwa kwa usahihi na wenyeji wa kaskazini mwa Tanganyika tangu siku walipoulizwa. Hata hivyo ilipita miaka kumi na mitatu kabla jibu lao halijakubaliwa. Tunaamini kwamba kisa hicho kina mafunzo kwa mwanaisimu kuliko kwa mwanajiografia.

Tuanze na mwaka 1858. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari, wakiwa wametumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Huko walisikia habari za mto mkubwa uitwao Rusizi, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Ikiwa mto huo ulitoka ziwani na kwenda kaskazini, basi Tanganyika ingeweza kuwa chemchemi ya Nile, na fumbo lililowasumbua wataalamu tangu zama za Ptolemy lingefumbuliwa. Mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim mashua yake. Mashua hakuipata, bali alirudi Ujiji na habari iliyomfurahisha mwenzake kupita kiasi: Hamid amesema kwamba mto mkubwa hutoka ziwani kuelekea kaskazini.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Hamid alisema kwa lugha gani, na Speke alisikia kwa lugha gani? Speke hakujua Kiarabu, wala Kiswahili chake hakikutosha kwa mazungumzo ya namna hiyo. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao kwa kuzaliwa, aliyepelekwa India akiwa mtumwa na kujifunza Kihindustani huko. Na ni kwa Kihindustani ndipo yeye na Speke walipoelewana. Kwa hiyo habari ya mto ilitoka katika kinywa cha Hamid, ikapita katika sikio la Bombay, ikageuzwa kuwa Kihindustani, kisha ikaandikwa na Speke kwa Kiingereza. Maneno yenyewe ya Hamid hayakuandikwa mahali popote. Kilichohifadhiwa ni tafsiri ya tafsiri.

Msomaji anayezungumza Kiswahili ataona mara moja mahali ambapo habari kama hiyo huweza kupinduka. Kiambishi tamati -ni hakina mwelekeo. Ziwani ni mahali tu: mtu yuko ziwani, anakwenda ziwani, anatoka ziwani. Kazi yote ya kuonyesha kama kitu kinaingia au kinatoka imeachiwa kitenzi. Kihindustani hakifanyi hivyo. Lugha hiyo huweka baada ya nomino kineno kimoja kwa maana ya ndani na kingine kwa maana ya kutoka, kiasi kwamba mfasiri hulazimika kuchagua. Na kitenzi chenyewe cha Kiswahili si salama daima. Mzungumzaji akisema kwamba mto unatokea ziwani, amesema nini? Kwamba unaanzia humo, au kwamba unajitokeza hapo baada ya kukata nchi? Sisi tuliozaliwa katika lugha hii hutegemea muktadha, na tukiwa na shaka tunauliza tena. Aliyetamani jibu la namna moja hana haja ya kuuliza mara ya pili.

Mwishoni mwa Aprili wasafiri hao wawili walifika Uvira kwa mitumbwi. Wakati ule Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha kaskazini kilichotembelewa na wafanyabiashara wa pwani, waliofuata pembe za ndovu na watumwa. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi vilivyomzuia karibu kabisa kusema. Jambo la ajabu kwa mtu aliyejivunia lugha zake nyingi kwamba alifika mahali pa kuuliza swali kubwa la safari yake akiwa hana ulimi wa kuulizia. Wana watatu wa mtawala wa Uvira, Maruta, walikuja kuwaamkia. Walipoulizwa walijibu kwamba wamekwisha kuufikia mto huo, na kwamba unaingia ziwani. Watu wengine waliokuwapo waliunga mkono. Hapo ndipo Bombay naye alipoeleza kwamba Speke hakuyaelewa maneno ya Hamid. Hamid alikuwa amezungumzia mto unaoingia. Mtu mwingine aliyekuwa amewaambia huko Ujiji kwamba ameona mlango wa mto kwa macho yake alikiri kwamba hajapita Uvira. Kannena, mkuu wa mitumbwi, alikataa kuendelea kaskazini kwa kuwaogopa Warundi. Wakageuka wakarudi.

Ushahidi ulikuwa umekamilika. Watu waliozaliwa kando ya mto walikuwa wamesema, tena kwa kauli moja, na mkalimani alikuwa amesahihisha kosa. Burton alilikubali jibu hilo katika kitabu chake cha safari. Lakini baada ya kugombana na Speke juu ya chemchemi ya Nile, aligeuka. Mwaka 1864, katika kitabu alichokitoa pamoja na James MacQueen kumpinga Speke, alidai tena kwamba huenda Rusizi unatoka ziwani. Ushahidi wa wana wa Maruta haukukanushwa kwa ushahidi mwingine. Uliwekwa kando kwa sababu haukumfaa tena yule aliyeuandika.

Ndiyo maana, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji, kazi ya kwanza waliyoifanya pamoja ilikuwa kupanda mitumbwi kwenda kuutazama mdomo wa Rusizi. Katika msafara wa Stanley alikuwamo Bombay yuleyule. Walipita kati ya matete, wakaingia katika mto, wakauona mkondo ukija kwa nguvu dhidi ya mitumbwi yao. Suala likakwisha. Lakini katika kurasa hizo za Stanley kuna jambo jingine ambalo halitajwi mara nyingi. Chifu Ruhinga wa Mugihewa, aliyewapokea karibu na mdomo wa mto, aliwaeleza mto huo unaanzia wapi. Alisema huanzia karibu na ziwa liitwalo Kivo, akalikadiria urefu wake kwa kulinganisha na umbali kati ya vijiji walivyovijua, kisha akaorodhesha mito midogo inayoungana na Rusizi njiani. Huo ulikuwa mwaka 1871. Hesabu ya wanajiografia wa Ulaya huanza mwaka 1894, Luteni von Götzen alipovuka Rwanda, akapanda Nyiragongo na kushuka hadi ufukweni mwa Kivu. Tangu hapo huitwa mgunduzi wa ziwa hilo. Tofauti ni ya miaka ishirini na mitatu, nasi hatuoni sababu nyingine ya tofauti hiyo isipokuwa kwamba mmoja alisimulia na mwingine aliandika.

Sasa tupande na mto. Ruzizi (katika Congo tumezoea kuandika kwa z, ng'ambo huandika kwa s) ni mto wa kilomita zipatazo 117, nao hushuka kutoka kimo cha mita 1,460 hivi kwenye ziwa Kivu hadi mita 770 hivi huko Tanganyika. Sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika makorongo ya juu, kati ya Bukavu na Kamanyola, mahali ambapo yamejengwa mabwawa ya umeme, la kwanza katika miaka ya 1950 na la pili mwaka 1989. Chini ya Kamanyola mto hupoa na kujipindapinda katika uwanda. Kwa hiyo aliye Katogota yuko mahali ambapo hali mbili za mto hukutana: magharibi mwake ni milima, kaskazini ni ukuta wa nchi ya juu, kusini ni tambarare kavu yenye joto, yenye mpunga na mihogo.

Wataalamu wa miamba wameeleza kwa nini mambo yako hivyo. Zamani bonde la Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, upande wa Ziwa Edward, yaani upande wa Nile. Volkano za Virunga zilipoinuka zilijenga boma la lava likaziba njia. Maji yalikusanyika nyuma yake, yakafunika mabonde na kuviacha vilima vikawa visiwa. Ijwi ndicho kikubwa kuliko vyote. Hatimaye, miaka ipatayo elfu kumi iliyopita, yalipata upenyo kusini na kushuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika. Kwa hiyo ndoto ya Burton haikuwa upuuzi mtupu. Maji haya yaliwahi kuwa ya Nile, ila alichelewa kwa miaka elfu kadhaa, tena alitazama ziwa ambalo silo.

Kivu ni ziwa la kina kirefu, karibu mita 480, na katika tabaka zake za chini zimo gesi ya kaboni na methani kwa wingi usiopatikana kwa urahisi kwingine duniani. Nyiragongo haijalala: ililipuka mwaka 1977, ikaunguza sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Goma Januari 2002, ikalipuka tena Mei 2021. Wasomaji wetu waliosoma habari za Guatemala watakumbuka Ziwa Atitlán, nalo la volkano, limezungukwa na miji ya milimani ya Wamaya. Yanalinganishwa mara nyingi na watu wa utalii, na kwa macho ulinganisho unakubalika. Lakini Atitlán limekaa ndani ya shimo lililoachwa na mlipuko, wala halina mto unaoonekana ukitoka. Kivu lina mlango, na mlango huo ndio umewafunga pamoja watu wa juu na watu wa chini. Kufanana kwa kweli kuko kwingine. Kando ya Atitlán mgeni husikia Kitz'utujil upande mmoja na Kikaqchikel upande mwingine, akarudi kwao akisema kwamba amesikia "Kimaya". Hapa kwetu hupita kati ya Kifuliiru, Kishi na Kihavu, akasema kwamba amesikia "lahaja za wenyeji".

Hata wataalamu hawakusalimika. Guthrie alikiweka Kifuliiru katika kundi lake la D60, pamoja na Kirundi na Kinyarwanda, na Kishi na Kihavu akaviweka katika D50. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba Kifuliiru kina ujamaa wa karibu zaidi na Kishi na Kihavu, na wanaoainisha lugha siku hizi hukiweka huko. Maana ya marekebisho hayo kwa historia si ndogo. Mpaka wa lugha hauendi sambamba na ukuta wa milima kama mtu angedhani akiutazama kutoka uwandani. Ukitoka Katogota ukapita Kamanyola umeingia nchi ya Washi wa Ngweshe. Barabara huanza kupanda Ngomo kwa kona zake zinazotisha madereva, joto hubaki nyuma, migomba na maharage huchukua nafasi ya mpunga, na ukifika Nyangezi umeshavaa koti. Kila kitu kimebadilika isipokuwa lugha, ambayo imebadilika kidogo tu.

Bukavu yenyewe, iliyoketi juu ya rasi zake ziingiazo majini, ni mji mchanga. Jina lake huelezwa na wengi kwa neno la Kishi la ng'ombe, nkafu. Kuanzia 1927 liliwekwa kando, mji ukaitwa Costermansville kwa heshima ya ofisa wa Kibelgiji. Lilirudi katika miaka ya 1950. Mwaka 1925 iliundwa Hifadhi ya Albert kwenye volkano, na mwaka 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa madaraka ya kuwagawia walowezi ardhi. Ni katika miaka hiyo ndipo nchi ya juu ilipoanza kuuzwa kwa mgeni kama mahali pa hewa baridi, pasipo mamba wala viboko majini, penye watu waliodhaniwa kuishi kama walivyoishi siku zote.

Dhana hiyo ya mwisho ndiyo tunayoipinga. David Newbury, katika kitabu chake cha 1991 juu ya kisiwa cha Ijwi, alionyesha kwamba koo za kisiwa hicho, ambazo mtu angezidhani kuwa za kale kama mawe, zilijiunda katika vipindi vinavyoweza kutajwa, na watu waliotoka pande mbalimbali za ziwa, huku ufalme na sherehe ya malimbuko, muganuro, vikizipa nafasi zao. Newbury huyohuyo ameandika juu ya butega, bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo magharibi mwa ziwa, zilizozunguka masokoni kote kama fedha kabla ya sarafu ya Mzungu yeyote. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alishapeleka majeshi yake Ijwi na Bushi kabla von Götzen hajafika. Halafu Wajerumani na Wabelgiji waligombea mpaka hadi mwaka 1910, Ijwi ikawa ya Congo bila wenye kisiwa kuulizwa. Nchi iliyopitiwa na mambo hayo yote katika karne moja haiwezi kuitwa nchi isiyoguswa.

Kiswahili nacho kilipanda kwa njia hiihii, kwanza na misafara iliyoishia Uvira, kisha na askari na makarani, hata kikawa lugha ya Bukavu na kuzaa huko miundo yake. Indubil ya vijana, aliyoieleza Goyvaerts mwaka 1988, ni mmojawapo tu. Tungependa kutaja msafiri mwingine wa njia hii ambaye hakuandika kitabu. Ni samaki. Kivu, kwa sababu ya asili yake ya volkano, lilikuwa na aina chache za samaki, na katikati ya maji yake hapakuwa na wa kuvua. Mnamo 1959 samaki wadogo wa jamaa ya ndagala walichukuliwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Mmoja alistawi, na leo ndiye kitoweo cha maskini na tajiri kuanzia Bukavu hadi Goma. Ndagala ni jina la huku kwetu, Uvira. Kule juu wanamwita sambaza, jina ambalo kwa sikio la Mswahili ni kitenzi kilichogeuka nomino. Mwenye kutaka kujua kama uwanda na milima ni dunia mbili aingie soko la Kadutu asubuhi, asikilize bei.

Turudi Katogota, maana gari nyingi hazisimami hapa. Barabara hii imekatwa na vita mara kwa mara: 1964, wakati wa maasi, Oktoba 1996, vita vilipoanzia katika uwanda na huko Lemera, 1998, na tena Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na M23. Tarehe 14 Mei 2000 askari wa RCD, kundi lililotawala eneo hili wakati ule kwa msaada wa Rwanda, waliwaua wakazi wa Katogota kwa makumi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 kuhusu uhalifu wa miaka 1993 hadi 2003 imeyataja mauaji hayo. Hesabu za waliokufa zinazotolewa hazilingani.

Tunalitaja jambo hili ndani ya makala ya lugha na safari kwa sababu moja. Katika maandishi mengi ya wapita njia, Katogota hutajwa kwa kauli ya kutendwa: watu waliuawa, nyumba zilichomwa. Sarufi ya Kiswahili inairuhusu kauli hiyo isimame bila mtenda, na mwandishi mwenye haraka huifurahia. Aliyeshuhudia husema kwa kauli ya kutenda, kwa viambishi vya nafsi na vya yambwa, nani alimfanya nini nani. Mkalimani akilainisha kitenzi njiani, ushahidi hubadilika kama ule wa Kasenge ulivyobadilika, na mwandishi wa ripoti hawezi kujua, kwa kuwa hana maneno ya kwanza mbele yake. Kwa hiyo tungeshauri wenzetu wanaokusanya masimulizi katika uwanda huu wasiridhike na tafsiri. Kifuliiru kiandikwe kwanza kama kilivyosemwa, Kiswahili kikae kando yake, na Kifaransa kifuate. Kwa upande wetu tumeanza na jambo dogo lisilomtia mtu hofu: majina ya vijito vinavyoingia Ruzizi kati ya Luvungi na Kamanyola, pamoja na vitenzi ambavyo wazee hutumia kueleza vinatoka wapi.